Vikombe, vijiko na "robo" kwenye resipi za keki: kipimo kipi ni kipi?

Mwanakeki

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa vipimo. Nina resipi mbili za keki ya kawaida ya vanila, na kila moja inapima kivyake.

Ya kwanza ni ya Kimarekani: unga wa ngano vikombe 2, sukari kikombe 1, siagi "stick" 1, mayai makubwa 2, maziwa kikombe ¾, beking pauda tsp 2, chumvi tsp ½, vanila tsp 1. Bati la duara la inchi 8, moto 350, dakika 35.

Ya pili imezunguka kwenye kundi la WhatsApp, ni ya hapa hapa nyumbani: unga nusu, sukari robo, siagi robo, mayai 6, beking pauda vijiko 2, maziwa kiasi. Imeishia hapo, hakuna maelezo mengine.

Vifaa nilivyonavyo: magi ya chai, vijiko vya kulia vya kawaida, majarini ya kopo la gramu 250, mayai ya kienyeji. Mizani sina, ila kama ni lazima nitanunua. Oveni ni ya umeme. Niko Mbeya mjini.

Ile ya Kimarekani inatoka nzito, kavu, imepasuka juu. Maswali yangu: kikombe kinachosemwa ni kipi? Nimesoma mahali kwamba kikombe chochote kinafaa mradi kiwe kimoja kwa vitu vyote, je ni kweli? Nusu na robo ni za nini? Na kijiko ni cha chai au cha kulia wali?

---

MizaniKwanza

Mkuu, tuanze na hilo ulilosoma kuhusu kikombe kimoja, maana ndilo linaloharibu keki yako. Ni kweli pale tu ambapo kila kitu kwenye resipi kinapimwa kwa kikombe. Yako haiko hivyo. Unga, sukari na maziwa vinapimwa kwa kikombe. Siagi imekuja kwa kipande, mayai kwa idadi, beking pauda kwa kijiko. Ukikuza kikombe, vile vitatu vinaongezeka na vingine vinabaki palepale.

Piga hesabu. Kikombe cha Kimarekani ni ml 237, jikoni tunasema 240. Magi nyingi za chai zikijaa zinachukua ml 300 hadi 350. Tuseme yako ni 330. Vikombe 2 vya unga vinatakiwa viwe kama gramu 250. Kwa magi yako vinakuwa gramu 344, na ukichota kwa kushindilia vinapita 400. Siagi, ile "stick" 1, imebaki gramu 113. Kwenye resipi halisi siagi ni asilimia 45 ya uzito wa unga. Kwako imeshuka hadi 33, au 27 kama ulishindilia. Mayai mawili makubwa ya Kimarekani yana kama gramu 100 bila maganda. Mawili ya kienyeji yanaweza kuwa na 70. Kwa hiyo unga umeongezeka, mafuta na mayai yamepungua ukilinganisha nao. Rojo linakuwa zito, juu panashika ganda mapema, katikati bado panapanda, ganda linapasuka. Kosa si la oveni wala la beking pauda.

Kikombe chenyewe kinategemea resipi imetoka wapi. Marekani ni ml 240. Australia ni ml 250. Japani ni ml 200. Vitabu vya zamani vya Uingereza vikisema kikombe mara nyingi ni nusu painti yao, ml 284; resipi za Uingereza za sasa zinaandika gramu. Kijiko kikubwa nacho kina mtego: Marekani na Uingereza ni ml 15, Australia ni ml 20. Kijiko cha chai ni ml 5 kote huko.

Ukijua ml bado hujamaliza, kwa sababu unga unashindilika. Kikombe hichohicho cha ml 240:

– ukiuchekecha kwanza ndipo upime: karibu gramu 110 hadi 115
– ukiuvuruga ndani ya kopo lake, ukautia kikombeni kwa kijiko, ukafuta juu kwa mgongo wa kisu: 120 hadi 125
– ukichovya kikombe ndani ya mfuko na kukikandamiza ukutani: 150 na zaidi

Resipi nyingi za Kimarekani za sasa zinakusudia ile njia ya pili. Na soma mahali lilipokaa neno la kuchekecha. "Vikombe 2 vya unga uliochekechwa" maana yake chekecha kwanza, pima baadaye. "Vikombe 2 vya unga, chekecha" maana yake pima kwanza. Tofauti kwa vikombe viwili inaweza kufika gramu 25.

Uzito wa kikombe cha Kimarekani kwa vitu vya kila siku, uandike ubandike ukutani: sukari nyeupe 200, sukari ya unga wa kupambia 115 hadi 120, siagi au majarini 227, mafuta ya maji kama 218, maziwa 245, asali 340, kakao 85, nazi kavu iliyosagwa kama 85. Angalia kakao na asali: kikombe kilekile, uzito mara nne. Ndiyo maana huwezi kusema "kikombe ni gramu 250" ukaondoka.

Mizani si lazima. Lakini ile ndogo ya kidijitali ya jikoni inayosoma gramu moja moja inamaliza karibu maswali haya yote kwa mpigo. Unaweka bakuli, unabonyeza sifuri, unatia unga, unabonyeza sifuri tena, unatia sukari. Hata vyombo vya kuosha vinapungua.

---

MkaaJuuNaChini

Naunga mkono hesabu ya MizaniKwanza, ila nina la kuongeza kwa asiyekuwa na mizani leo. Kikombe sahihi unaweza kukitengeneza kwa vitu vilivyomo nyumbani.

Chupa ya maziwa ya mtoto ina mistari ya ml, na ile kubwa inafika 240 au zaidi. Jaza maji hadi 240, chupa ikiwa mezani na jicho lako usawa wa mstari, mimina kwenye magi, weka alama kwa rangi ya kucha. Hicho ndicho kikombe chako cha Kimarekani. Mimina tena 180, weka alama ya robo tatu. 120, alama ya nusu. Alama hizo zinafaa kwa maziwa, maji na mafuta. Kwa unga magi yenye alama katikati inasumbua kwa sababu huwezi kufuta juu kwa kisu, kwa hiyo tafuta kikombe kingine, hata cha plastiki, ambacho kikijaa pomoni kinachukua hizo ml 240. Kama kinazidi, kikate ukingo.

Usitumie chupa ya maji ya kunywa ya ml 500 kwa kuijaza hadi mdomoni ukagawa kwa mbili. Hizo 500 zinaishia chini ya shingo. Ukijaza hadi mdomoni umezidisha.

Vijiko: nunua bomba la sindano la ml 5 duka la dawa, bila sindano yenyewe. Vuta maji hadi 5, mimina kwenye kijiko chako cha chai. Vijiko vya chai vya nyumbani vinatofautiana sana, kuna vya ml 3 na kuna vinavyokaribia 7. Ukipata kinachojaa bila kumwagika kwa ml 5, kiweke kando kiwe cha keki tu. Kijiko kikubwa unakipima kwa mabomba matatu. Vijiko vingi vya kulia wali havifiki 15.

Kisha jipime mkono. Fungua pakiti mpya ya unga ya kilo moja, toa vikombe kwa namna unayopima siku zote, hesabu. Ukipata vikombe 8, mkono wako unatoa gramu 125 kwa kikombe, uko sawa. Ukipata sita na nusu unashindilia. Kwa sukari kilo moja inatakiwa itoe vikombe 5.

---

KibabaKitamu

Hiyo ya WhatsApp nijibu mimi, maana ni mapishi ya dukani hayo.

"Nusu" na "robo" hapo ni za kilo, kama unavyomwambia muuza duka "nipe sukari robo". Kwa hiyo unga ni gramu 500, sukari 250, siagi 250. Hazihusiani na vikombe kabisa. Mtu akiisoma kama nusu kikombe cha unga na robo kikombe cha sukari kwa mayai sita, atapata kimanda kitamu. Kwa siagi robo wala usipime: ni hilo kopo lako la gramu 250 lote.

Resipi ikiwa haijasema vizuri, ipime yenyewe kwa yenyewe. Mayai 6 ya kisasa ni kama gramu 300 bila maganda. Unga 500, mayai 300, siagi 250, sukari 250: hiyo ni keki inayoeleweka, ya kukatika vizuri, si tamu sana, inayofaa chai. Ungeijaribu kwa tafsiri nyingine yoyote ya "nusu" hesabu isingekaa. Njia hii inakutoa kwenye shaka nyingi.

Sasa "vijiko 2" vya beking pauda. Kanuni ya kufanyia kazi ni kijiko kimoja cha chai kilichofutwa juu kwa kisu, ambacho ni kama gramu 4½, kwa kila gramu 125 za unga. Ukiwa umepiga siagi na sukari vizuri hadi ikawa nyeupe, hewa iliyomo inakusaidia na unaweza kupunguza kidogo. Kwa unga 500 tunatafuta gramu 15 hadi 18. Vijiko 2 vikubwa vilivyofutwa vinakaribia gramu 27, vimezidi mno. Vijiko 2 vya chai vilivyofutwa ni gramu 9, havitoshi. Vijiko 2 vya chai vilivyojaa kwa mlima vinatoa kama 16. Basi aliyeandika alikuwa anachota kijiko cha chai kwa mlima, kama wengi wetu tunavyochota. Wewe andika kwako: vijiko 3½ vya chai vilivyofutwa. Mlima wa mtu na mtu haufanani.

"Maziwa kiasi" kwa keki hiyo ni ml 150 hadi 200. Unga mmoja unanyonya zaidi ya mwingine, kwa hiyo tia 150 kwanza, kisha inua mwiko. Rojo likigandamana na mwiko halitaki kushuka, ongeza maziwa kijiko kikubwa kimoja kimoja. Linatakiwa lining'inie kidogo halafu lidondoke lenyewe kwa uzito wake. Likichuruzika kama uji mwembamba, umepita.

Kwa wanaopokea mapishi ya wazee wa pwani: ratili ni pauni, gramu 454, na wakia ni gramu 28. Nusu ratili ya siagi ni 227, robo ratili ni 113, ambayo kwa bahati ndiyo "stick" ya Wamarekani. Kibaba na pishi ni vipimo vya ujazo, vibaba vinne ni pishi moja. Uzito wake unategemea umetia nini ndani, kwa hiyo usivigeuze gramu kwa kukisia.

---

BiOveni

Naomba niingie kwenye siagi, mayai na sukari, hapo ndipo resipi za nje zinapotupiga chenga hata ukiwa na vikombe sahihi.

Siagi. "Stick" moja ni gramu 113, nusu kikombe, vijiko vikubwa 8 vya gramu 14. Kwa kopo lako la 250 bila mizani: sawazisha uso, gawa nusu kwa kisu, unapata 125, punguza kijiko kikubwa kimoja. Imetosha. Ukiwa na bonge lisilo na kopo, tumia maji: tia ml 120 za maji kwenye jagi lenye mistari, zamisha siagi ndani mpaka maji yasome 240, hakikisha imezama yote kwa kuisukuma kwa kijiko, mwaga maji, ifute. Una nusu kikombe.

Angalia maandishi ya kopo. Siagi ina mafuta kama asilimia 80. Majarini nyingine za kupaka mkate zina mafuta asilimia 60 au chini, kilichobaki kwa sehemu kubwa ni maji. Gramu 113 za hiyo zinakupa mafuta gramu 68 badala ya 90, na haipigiki na sukari ikashika hewa. Tafuta iliyoandikwa ni ya kuokea au yenye mafuta mengi. Ukitaka mafuta ya maji badala ya "stick", usiweke nusu kikombe kizima; tia ml 100 za mafuta na ongeza ml 20 za maziwa.

Mayai. "Makubwa" ya Marekani ni gramu 57 na ganda lake, 50 bila ganda. La kienyeji dogo likiwa na gramu 40 na ganda, ndani linabaki na 35. Kwa mayai yao 2 wewe vunja 3. Kwa resipi ya mayai 6, vunja 8 kisha angalia. Kama yako ni makubwa kidogo, 7 yatatosha. Mwenye mizani ayapige kidogo apime gramu, hapo hata nusu yai linapimika: gramu 25, au kijiko kikubwa 1 na vijiko 2 vya chai.

Sukari. Sukari yetu ya dukani mara nyingi ina punje kubwa, na haiyeyuki haraka kwenye siagi. Keki inatoka na madoa madoa juu na ukingo unaonata. Wengi wanaisaga kwenye blenda, ni vizuri, lakini pima kabla ya kusaga. Kikombe cha sukari nzima ni gramu 200. Ukiisaga ndipo ukapima kikombe, umetia kama 120 na hujui utamu umeenda wapi.

Na sukari ya kahawia. Resipi za Kimarekani zikisema kikombe kimoja, imeshindiliwa, wanazungumzia sukari laini yenye unyevu wa molasi, inayoshikamana kama mchanga mbichi. Hiyo ikishindiliwa inafika gramu 213 hadi 220. Sukari yetu ya kahawia ni kavu na inamiminika. Ukiishindilia haishindiliki, kikombe kinabaki kama 200. Itafanya kazi, ila keki itakuwa kavu kidogo. Ongeza kijiko kikubwa kimoja cha asali kwa kila kikombe na uache sukari pungufu kwa kiasi hicho.

---

Mwanakeki

Wakuu, nashukuru sana. Magi nimeipima kwa chupa ya mtoto, inachukua karibu 340 ikijaa. Kwa hiyo nimeelewa. Mizani nanunua wiki hii.

Mawili yamebaki. Hiyo "tsp" ni hicho cha chai? Na resipi nyingine inaandika "8 oz". Nimeona mtu anasema 8 oz ni kikombe kimoja.

---

MizaniKwanza

Ndiyo, tsp ni kijiko cha chai, ml 5. Tbsp ni kijiko kikubwa, ml 15. Wengine wanafupisha kwa t ndogo na T kubwa, hapo tulia usome mara mbili, tofauti ni mara tatu. Kwa vanila utasamehewa. Kwa beking soda keki haitalika: inapanda kwa kasi, inazama katikati, inakuwa nyeusi kuliko kawaida na ina ladha ya sabuni. Soda ina nguvu mara tatu hadi nne ya beking pauda, na inahitaji kitu chachu kwenye rojo, maziwa mgando, ndizi mbivu, limau. Robo kijiko cha chai kinatosha unga gramu 125. Usibadilishe moja kwa nyingine kijiko kwa kijiko.

Oz ni mbili tofauti. Ya uzito ni gramu 28. Ya ujazo, ambayo mara nyingi huandikwa fl oz, ni ml 30 kwa Marekani. 8 za ujazo ndizo kikombe kimoja. Kwa maziwa, 8 oz ni kikombe kimoja kwa njia yoyote, maana maziwa na maji uzito na ujazo vinakaribiana. Kwa unga, 8 oz za uzito ni gramu 227, karibu vikombe viwili. Anayetia kikombe kimoja ametia nusu ya unga, na keki haitasimama. Kanuni ya kusomea: kitu kikavu kikiandikwa oz, chukulia ni uzito.

Painti nayo: ya Marekani ni ml 473, ya Uingereza ni 568.

Kwa watakaohamia mikate na mahamri, pakiti ya hamira kwenye resipi za Kimarekani ni gramu 7, vijiko 2¼ vya chai. Pakiti ndogo za madukani kwetu nyingi ni gramu 11. "Pakiti moja" yao si pakiti yako nzima.

---

MkaaJuuNaChini

Moto na bati usivisahau, navyo ni vipimo.

350 ni ya Farenhaiti, sawa na 177 kwa Selsiasi, weka 180. Ikiwa oveni yako ina feni, shusha hadi 160. 325 ni 163, 375 ni 190, 400 ni 204. Resipi za Uingereza za jiko la gesi zinaandika namba: 4 ni 180. Mtu akiweka 350 kwenye oveni ya Selsiasi, nyingi hazifiki hata hapo, inakwenda mwisho wake na keki inaungua juu dakika kumi za kwanza.

Bati la inchi 8 ni sentimita 20, la inchi 9 ni sentimita 23. Inaonekana tofauti ndogo, lakini eneo la 23 ni kubwa kwa theluthi. Rojo la bati la 23 ukilitia kwenye 20 linafurika, au katikati panabaki pabichi wakati pembeni pameshakauka. Usijaze bati zaidi ya theluthi mbili.

Kwa wanaooka kwa mkaa, dakika za kwenye resipi zipuuze. Mkaa mwingi weka juu ya mfuniko, chini acha kidogo, na anza kuchomeka njiti katikati ya keki uone kama imeiva baada ya dakika 25.

---

Mwanakeki

Nimeiandika upya kwa gramu, naomba mnikagulie kabla sijaoka:

Unga 250, sukari 200, majarini 113, mayai ya kienyeji 3, maziwa ml 180, beking pauda vijiko 2 vya chai vilivyofutwa, chumvi nusu kijiko, vanila kijiko 1. Bati la sentimita 20, moto 180, dakika 35.

---

BiOveni

Iko vizuri. Chumvi punguza iwe robo kijiko kama majarini yako imeandikwa ina chumvi. Resipi nyingi za Kimarekani zinakusudia siagi isiyo na chumvi.

---

KibabaKitamu

Kuna jambo bado. Umesema uko Mbeya, karibu mita 1,700 juu ya bahari. Resipi hiyo haikusema imepimwa wapi, na kwa kawaida zinapimwa sehemu za chini.

Huko juu hewa haikandamizi sana kama sehemu za chini, kwa hiyo gesi ya beking pauda inatanuka zaidi. Keki inapanda haraka kabla unga na mayai havijashika, halafu inazama katikati. Maji nayo yanachemka kwenye kama 94, na rojo linakauka upesi.

Na angalia magi ilivyokuwa inakuficha hili. Kwa unga wa gramu 344, vijiko vyako 2 vya beking pauda vilikuwa sawa na kijiko kimoja na nusu kwa gramu 250. Bila kujua ulikuwa umeshapunguza, na keki haikuzama, ilipasuka tu kwa ukavu. Sasa unga umerudi 250 na vijiko bado ni 2. Ukioka hivyo, naona itazama.

Tia kijiko 1½. Sukari toa kijiko kikubwa kimoja, ibaki kama 188. Maziwa ongeza vijiko vikubwa 2, yawe ml 210. Moto panda hadi 185 au 190, anza kuangalia dakika ya 28. Ikizama bado, shusha beking pauda hadi 1¼ na uache vingine kama vilivyo, usibadilishe vitu viwili kwa mara moja, hutajua kipi kimesaidia. Ikitoka imepasuka tena, ongeza kijiko kikubwa kimoja cha maziwa.

Ile ya unga nusu kilo ifanyie vilevile: beking pauda vijiko 2½ vya chai vilivyofutwa badala ya 3½, maziwa anza na 180.